Chandarua Kimefika kwa Nani?

Katika ukurasa huu tumezoea kushika ugonjwa mmoja, kueleza dalili zake na namna ya kujikinga. Mwezi huu tunashika jambo la namna nyingine kidogo. Tunauliza hivi: dawa au kinga ikishajulikana kwamba inafaa, inasafirije mpaka kufika ndani ya nyumba ya mtu? Tena, inafika kwa nani kwanza, na kwa nani mwisho, au haifiki kabisa?

Wataalamu wa afya na wa ustawi wa jamii wanaiita elimu hii sayansi ya utekelezaji. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe analijua kila mama aliyetembea saa mbili na mtoto mgongoni, akafika zahanati na kuambiwa arudi Jumatatu. Kugundua dawa ni kazi moja. Kuifikisha ni kazi nyingine, nayo ina mitego yake.

Tutajifunza kwa mfano wa chandarua chenye dawa. Tumeuchagua kwa sababu kila familia ya parokia zetu inakifahamu, na kwa sababu habari zake katika Tanzania na Kenya zimepimwa vizuri kwa miaka mingi.

CHANDARUA KILIPOPIMWA

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1993 na 1995, watafiti waligawa vyandarua vyenye dawa katika baadhi ya vijiji na kuviacha vijiji vingine kwa kulinganisha. Matokeo yalitolewa mwaka 1996. Vifo vya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja hivi. Yaani katika kila watoto watatu ambao wangekufa, mmoja alibaki hai. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba chandarua ni mchezo.

Lakini angalia namna jaribio lile lilivyofanyika. Vyandarua viligawiwa bure. Vilipelekwa nyumba kwa nyumba. Waliohusika walirudi kuvitia dawa upya kila baada ya miezi sita. Hakuna mama aliyetakiwa kutoa senti, wala kusafiri, wala kusoma karatasi. Basi tulichopima Kilifi ni nguvu ya chandarua juu ya mbu. Hatukupima bei, wala umbali, wala foleni. Serikali na wafadhili walipoanza kazi ya kuvisambaza nchi nzima, wengi waliamua viuzwe kwa bei nafuu. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu hathamini kitu cha bure, na kwamba fedha za msaada zikikatika duka litaendelea kuuza. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Ila zilihitaji kupimwa nazo.

KILOMBERO NA ULANGA

Mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, ulianza mpango wa kuuza vyandarua kwa bei iliyopunguzwa, kwa matangazo mengi na kupitia maduka ya vijijini. Vyandarua hivyo viliitwa Zuia Mbu, na wengine wenu mnakumbuka. Mpango ulifaulu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27 kwa wale waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa.

Je, maskini walipata? Hapa tuwe waangalifu, kwa maana jibu lina pande mbili. Mwanzoni, mwaka 1997, katika nyumba za tabaka la chini kabisa ni asilimia 20 tu waliokuwa na chandarua cha aina yoyote, wakati wenye nafuu zaidi walikuwa asilimia 63. Miaka mitatu baadaye, zaidi ya nusu ya nyumba maskini kabisa walikuwa nacho, na wenye nafuu walipita asilimia 90. Pengo lilipungua, na waliofanya kazi ile wanastahili sifa. Lakini ona ni nani alisubiri. Mtoto wa nyumba maskini aliyezaliwa mwaka 1997 alikuwa tayari amepita miaka yake mitatu ya hatari zaidi kabla kijiji chake hakijaonekana kuwa kimefaulu.

Katika mpango huo huo walikuwapo akina mama wajawazito na wenye watoto wadogo waliopewa hati za punguzo kliniki ili wakanunue dukani kwa bei ndogo zaidi. Watafiti walihesabu hati zilizotolewa wakakuta asilimia 97 zilirudi kutoka madukani zikiwa zimetumika. Mtu yeyote wa ofisini akiona 97 kati ya 100 atafunga daftari na kwenda kunywa chai. Walipokwenda vijijini na kuwauliza akina mama wenyewe, hata hivyo, chini ya nusu walikuwa wamesikia habari za hati hizo, na waliokuwa wamezitumia walikuwa kama 12 tu kati ya 100. Na katika hao wachache, wenye nafuu walikuwa wengi kuliko maskini.

Tafadhali soma tena maneno hayo, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo letu. Hesabu ya kwanza iliuliza, “Hati tulizotoa zimefanya kazi?” Hesabu ya pili iliuliza, “Akina mama wote wamepata?” Ni maswali mawili tofauti. Miradi mingi, hata ya kwetu makanisani, hujibu la kwanza na kudhani imejibu la pili.

NGAZI NA VIPANDIO VYAKE

Kwa nini hali huwa hivyo hata pale ambapo hakuna mtu mwenye nia mbaya? Tufikiri juu ya ngazi. Ili mtoto alale ndani ya chandarua, mama lazima asikie habari. Kisha afike kliniki. Kisha apate fedha ya kuongezea. Kisha akute chandarua dukani. Hivyo ni vipandio vinne, na bado hatujasema juu ya kukitundika.

Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme katika familia zenye nafuu, kila kipandio wanapita watu 8 kati ya 10. Kati ya akina mama 100, wa kwanza wanabaki 80, halafu 64, halafu 51, na juu ya ngazi wanafika 41. Katika familia maskini tuseme kila kipandio wanapita 6 kati ya 10. Wanabaki 60, halafu 36, halafu 22, na mwisho 13. Tofauti katika kila kipandio ilionekana ndogo, nane na sita, hata usingeiona kwa macho. Lakini ukifika juu, wenye nafuu ni mara tatu ya maskini.

Ndiyo maana daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kinyume cha haja: wanaoihitaji zaidi ndio wanaoipata kidogo. Baadaye, mwaka 2000, Cesar Victora na wenzake wa Brazil walionyesha kwamba kinga mpya za watoto huwafikia kwanza wenye uwezo, kwa hiyo pengo hupanuka kabla halijapungua. Halipungui mpaka wale wa juu wawe wameshiba.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya mijini kwenye matajiri na maskini wanaoonekana. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 ulichunguza wilaya za Kilombero, Ulanga, Morogoro Vijijini na Rufiji, mahali ambapo mgeni akipita anaona wote ni wakulima wa jembe la mkono. Hata huko, familia zenye nafuu kidogo, labda baiskeli, redio au bati, ziliwapeleka watoto wagonjwa kwenye kituo mara nyingi zaidi, na watoto wao walipata dawa sahihi zaidi kuliko wa jirani zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wakiwa wanapakana kwa ua la mabua.

SHILINGI AROBAINI

Turudi kwenye hoja kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Hiyo ilipimwa magharibi ya Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika kliniki za wajawazito, baadhi ya akina mama walipewa chandarua bure, na wengine waliuziwa kwa bei mbalimbali ndogo ndogo. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40 za Kenya hivi, waliochukua vyandarua walipungua kwa watu 60 katika kila 100. Shilingi 40! Halafu watafiti walikwenda nyumbani kuangalia vitandani. Waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua. Basi bei ile haikuchuja wazembe na kubakiza wenye bidii. Ilichuja wasio na fedha siku ile.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, serikali ya Kenya ilikuwa imegawa bure zaidi ya vyandarua milioni 3 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ikiunganisha ugawaji na kampeni ya chanjo ya surua. Wachunguzi waliokuwa wakifuata watoto wa vijijini katika wilaya nne waliona mabadiliko haya: miaka ya 2004 na 2005, wakati vyandarua vikiuzwa, waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa asilimia 7, na katika nyumba maskini kabisa asilimia 3 tu. Baada ya ugawaji wa bure, wote kwa jumla walifika asilimia 67, na maskini kabisa asilimia 66. Pengo karibu lilitoweka kwa muda wa mwaka mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri vyandarua vyenye dawa ya kudumu vigawiwe bure au kwa bei ndogo sana kwa watu wote walio katika hatari.

Tanzania ilipita njia yake. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kitaifa wa Hati Punguzo kupitia kliniki za wajawazito. Kati ya mwaka 2005 na 2007 nyumba zenye angalau chandarua kimoja zilipanda kutoka asilimia 44 hadi 65, lakini wa chini waliendelea kubaki nyuma, hasa kwa sababu ya fedha ya kuongezea dukani. Mwaka 2009 kiasi hicho kilipunguzwa kikawa shilingi 500. Kisha zikaja kampeni za kugawa bure: kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, halafu, miaka ya 2010 na 2011, kwa kila sehemu ya kulala, ambapo vilitolewa zaidi ya vyandarua milioni 17.

BURE NAKO KUNA WANAOACHWA

Je, basi tukigawa bure tumemaliza? La hasha. Hapa ndipo wapenda haki wengi huchoka mapema.

Kugawa sawasawa na kugawa kwa haki ni vitu viwili. Ukiipa kila nyumba vyandarua viwili, nyumba ya watu watatu imeshiba na nyumba ya watu tisa bado inalia. Ndiyo sababu kampeni zile zilihesabu sehemu za kulala, si nyumba. Hata hapo yako maswali. Katika bonde la Kilombero familia nyingi huhama wakati wa kilimo na kukaa miezi kadhaa katika vibanda vya mashambani. Mwandikishaji akipita kijijini wakati huo atakuta mlango umefungwa. Na familia hiyo ina sehemu za kulala mahali pawili, si pamoja.

Tena ndani ya nyumba yenyewe kuna wa kwanza na wa mwisho. Uchunguzi wa nchi nyingi za Afrika uliotolewa mwaka 2009 ulikuta kwamba wasiolala ndani ya chandarua kuliko wote ni watoto wa umri wa kwenda shule na vijana. Mdogo analala na mama, baba ana kitanda, na wale wa katikati wanalala mkekani sebuleni, mahali ambapo mchana pana meza na hakuna msumari wa kufungia kamba. Tangu mwaka 2013 Tanzania ilianza kugawa vyandarua kupitia shule katika mikoa ya kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma. Ni njia nzuri, kwa kuwa shule iko kila kijiji na mtoto hubeba chandarua mwenyewe. Lakini tujiulize mara moja: mtoto aliyeacha shule je? Mama mwenye watoto wadogo watupu, asiye na mwanafunzi nyumbani, chandarua chake kitapitia wapi? Kwa hao ndipo kliniki ilipohitajika kuendelea kugawa sambamba na shule.

Na msichana aliyepata mimba nyumbani kwa wazazi wake, anayeificha mpaka mwezi wa saba? Mpango wowote unaopitia kliniki ya wajawazito unamkosa kwa miezi yote hiyo, ingawa mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya malaria.

Tuseme jambo moja kuhusu misamaha. Tanzania ilipoanzisha uchangiaji wa gharama hospitalini mwaka 1993, iliweka pia msamaha kwa wasio na uwezo. Kwenye karatasi ni jambo jema. Lakini ili fukara asamehewe, lazima kwanza ajue kwamba msamaha upo, kisha apate barua ya kijiji, kisha asimame dirishani mbele ya watu na kusema yeye ni fukara. Hivyo tena ni vipandio vitatu, na vimewekwa mbele ya mtu mwenye nguvu kidogo kuliko wote. Afisa ustawi wa jamii anayetoka ofisini kwake na kupita wodini kuuliza kwa upole nani ameshindwa kulipa anaondoa vipandio hivyo vyote kwa mara moja. Kazi ya namna hiyo haihitaji sheria mpya.

Mfano mwingine wa njia nzuri ni chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, na mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliishauri itumike kwa watoto. Katika nchi hizo tatu, zaidi ya theluthi mbili ya watoto wasiolala ndani ya chandarua walifikiwa na chanjo hiyo. Sababu ni kwamba ilipanda juu ya njia ambayo tayari imezoeleka hata na familia maskini, yaani siku ya kupima uzito na kuchanja. Wala chanjo haiondoi chandarua. Zinafanya kazi pamoja.

KATIKA PAROKIA YETU

Huenda msomaji atasema, haya ni mambo ya wizara, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kila mara kamati ya afya ya parokia inapoleta kitu: siku ya kupima macho, kadi za bima ya afya, dawa za minyoo, mafunzo ya lishe. Kila mara kitu hicho kinatangazwa kanisani na kupitia jumuiya ndogo ndogo. Fikiri sasa ni nani asiyekuwapo kanisani Jumapili. Kibarua wa mashamba aliyehamia majuzi. Mzee asiyeona njia. Mama anayemwuguza mtoto mlemavu na hana wa kumwachia. Jirani wa dini nyingine, ambaye mbu wake ni yule yule wetu. Tangazo limewafikia wenye miguu, nguo safi na nafasi.

Tunashauri kamati ifanye kazi kwa kurudi nyuma. Kabla ya kuleta kitu, chagueni familia tatu mnazozijua ambazo kwa kawaida hukosa, mkazitembelee. Msiwaulize kama wanapenda mradi, kwa sababu mgeni hujibiwa kwa adabu. Waulizeni mara ya mwisho kulipokuwa na ugawaji walikuwa wapi, walisikia siku gani, na ni kitu gani kiliwazuia. Pengine mtakuta tatizo ni siku: Jumatano ni siku ya gulio na mama ndiye anayeuza mchicha. Hapo kubadili siku kutafanya kazi kubwa kuliko kuongeza matangazo kumi.

Kisha, baada ya kazi, hesabuni namna mbili. Andikeni mlitoa ngapi, kama kawaida. Lakini mhudumu wa afya achukue pia kitongoji kimoja, apite kila nyumba bila kuruka, aangalie kilichotundikwa na nani alilala ndani yake usiku uliopita. Nyumba za mwisho kabisa, zile za bondeni na zile za kupanga za chumba kimoja, azihesabu peke yake, asizichanganye na nyingine. Ukizichanganya utapata wastani mzuri, na wastani huo utakuficha mtoto yule aliyelala nje ya chandarua. Na ikionekana nyumba hizo ziko nyuma, zamu inayofuata ianze kwao, hata kama walio karibu na kanisa watanung'unika.

Orodha ya waliokosa ikae kwa mhudumu wa afya na katibu wa kamati. Isibandikwe ubaoni, wala isisomwe pamoja na matangazo baada ya misa. Mtu akishatajwa mbele ya majirani kwamba hana, mkirudi mwezi unaofuata atawaambia anacho, na atafunga mlango wa chumba msione.